Huruma kwa Paka na Haki ya Jirani Mgonjwa

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila chenye roho, Akakigawia riziki yake na Akakijua pahala pake pa kulala. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa awe rehema kwa viumbe, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, tunakuusieni nyinyi pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika makubwa na katika madogo. Jambo la leo huenda wengine mkaliona dogo, hata mkajiuliza lina nini la kusemwa juu ya mimbari. Tunataka kusema juu ya paka aliye nyumbani, na juu ya ndugu yetu ambaye akikaa karibu na paka huyo hupata taabu ya macho, ya ngozi, na pengine ya pumzi.

Lililotufanya tulichague jambo hili ni kosa letu sisi wenyewe. Tutalieleza kwanza, kwani haielekei mtu kuwaonya watu kwa kosa ambalo mwenyewe amelificha.

Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa yetu iliyo katika mtaa mmoja wa Kariakoo, alikuwapo mwanafunzi wa umri wa miaka kumi hivi. Jirani ya madrasa palikuwa na duka la nafaka, na penye nafaka pana panya, na penye panya hapakosi paka. Paka wale walizoea kuja kulala juu ya mikeka yetu wakati wa masomo. Mtoto huyu kila akikaa alipiga chafya, akayafikicha macho mpaka yakawa mekundu, kisha akajivuta kidogo kidogo mpaka mlangoni. Sisi tukadhani ni utoro na deko. Tukamkemea mbele ya wenzake. Tukamwambia maneno tuliyoyasikia tangu udogoni, kwamba kumpenda paka ni katika imani, na kwamba anayemkimbia paka anaikimbia sunna ya Mtume. Mtoto akanyamaza, akarudi kukaa palepale walipolala paka, na kwa juma zima hakusogea.

Usiku mmoja wa juma lile alichukuliwa hospitali, kifua kinalia kama filimbi na maneno hayatoki. Muuguzi akamwuliza mama yake, "Nyumbani mnafuga paka?" Mama akajibu kuwa hawafugi. Ndipo mtoto, alipopata nafasi ya kuvuta pumzi, akasema, "Paka wako chuoni. Maalimu amesema ni dhambi kuwakimbia."

Alhamdulillahi, mtoto alipona. Nasi tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kama tulivyomkemea mbele ya wenzake. Lakini neno lile halijatutoka masikioni. Tulimtwika mtoto dhambi ambayo Mwenyezi Mungu hakumtwika, na tukamsingizia Mtume wake neno ambalo hatukulihakiki. Kwa hivyo leo tunataka tuiweke kila haki mahali pake: haki ya paka, haki ya mgonjwa, na haki ya jirani.

Ndugu Waislamu, tuanze na haki ya paka, maana ina misingi iliyothibiti. Katika Suratul-An'am tunafunzwa kuwa wanyama watambaao juu ya ardhi na ndege warukao ni mataifa kama tulivyo sisi. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia mpaka akafa, hakumpa chakula wala hakumwacha huru ajitafutie wadudu wa ardhini. Na Imam Malik, Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Kabsha binti Kaab, aliyekuwa mke wa mwana wa Sahaba Abu Qatada. Kabsha alimmiminia mkwewe maji ya kutawadhia, akatokea paka akataka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akamtazama kwa mshangao, naye akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu.

Na nani asiyemjua Abu Huraira, Sahaba aliyehamia Madina katika mwaka wa 7 wa Hijra na akapokea hadithi nyingi kuliko Masahaba wote? Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la kupangwa, na maana yake ni mwenye kipaka, kwa kuwa alikuwa na paka mdogo aliyecheza naye alipokuwa akichunga mbuzi wa watu wake.

Hayo yamethibiti. Lakini neno lile tulilomwambia mtoto, kwamba kumpenda paka ni katika imani, wanazuoni wa hadithi wamelipima na kubainisha kuwa ni la kuzuliwa, si la Mtume. Kadhalika kisa kinachopendwa sana, kwamba Mtume alikata mkono wa vazi lake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kisa cha namna hiyo wameandika wenye tarekhe juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifai, aliyefariki mwaka wa 578 wa Hijra, yaani 1182, ambaye tarika yake inajulikana sana katika pwani yetu. Ni kisa kizuri cha huruma, lakini huruma haihitaji kutiliwa nguvu kwa kumsingizia Mtume.

Sasa tuje kwenye haki ya mgonjwa. Maradhi haya huitwa mzio, na wengi mjini huyaita aleji. Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili askari wa kuulinda na vijidudu vinavyoleta maradhi. Kwa baadhi ya watu askari hao hukosea, wakakiona kitu kisichokuwa na madhara kuwa ni adui, wakakipigania. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta chafya, kamasi, macho kuwasha, vipele, na kwa mwenye pumu kifua kubana. Mgonjwa hakuyachagua. Hawezi kuyaondoa kwa kujikaza, wala kwa kumpenda paka zaidi. Wako watu wanaowapenda paka kwa moyo wote na mwili wao unawakataa.

Watu wetu tangu zamani husema kuwa manyoya ya paka huleta pumu. Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini haikufika penyewe. Madaktari wameeleza kuwa kinachodhuru ni protini iliyomo katika mate ya paka na katika tezi za ngozi yake. Paka anapojilamba huipaka mwilini mwake. Ikikauka hupeperuka pamoja na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hukaa hewani kwa saa nyingi, na hushika katika mazulia, magodoro, mapazia na nguo. Ndiyo maana mgonjwa huweza kupata taabu katika chumba ambacho paka hayumo, na ndiyo maana mtu aliyempakata paka kwake huweza kumletea mwenziwe madhara kwa nguo aliyoivaa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali hiyo ni kweli kama ilivyotamkwa. Hata paka akiondolewa, chembe zake hudumu ndani ya nyumba kwa miezi, zikapungua kidogo kidogo kwa kusafishwa.

Lakini tusimhukumu paka kabla ya ushahidi. Pumu ina vichocheo vingi: vumbi na wadudu wadogo wa magodoroni, mende, ukungu wa kuta zenye unyevu, moshi wa sigara, moshi wa mkaa, moshi wa dawa ya mbu ya kuwasha, na hata udi tunaoufukiza tukitaka nyumba inukie. Wangapi wamemfukuza paka, kisha wakafunga dirisha na kufukiza udi, na mtoto akazidi kukohoa! Aliyetuletea amri ya kujitibu ni Mtume mwenyewe. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Usama bin Sharik kwamba Masahaba walipomwuliza juu ya kutafuta dawa aliwahimiza watafute, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Basi mpelekeni mgonjwa kwa daktari ajue kinachomdhuru. Ziko dawa za kutuliza mzio, na ziko dawa za pumu za kuvuta kwa mdomo. Akipewa ya kutumia kila siku, asiiache kwa kuona ana nafuu. Na mkimwona hawezi kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, au midomo inabadilika rangi, msingoje kupambazuke wala msianze kutafuta nani kamroga. Mkimbizeni hospitali.

Ama hukumu ya mgonjwa huyu katika dini yetu ni nyepesi, walhamdulillahi. Sharia iliyomruhusu mgonjwa kufungua katika Ramadhani, na ikamruhusu anayedhuriwa na maji atayamamu kwa udongo, haiwezi kumlazimisha mtu akae na paka anayembana pumzi. Mwisho wa Suratul-Baqara tunafunzwa kuwa Mwenyezi Mungu haitwiki nafsi isipokuwa iliwezalo. Kwa hivyo mwenye mzio akijitenga na paka hana dhambi, imani yake haikupungua, na hapana ruhusa ya kumcheka. Linaloharimishwa kwake ni kumdhulumu mnyama: kumpiga, kumwagia maji ya moto, kumtilia sumu. Ajitenge naye bila ya kumwudhi.

Ndugu Waislamu, haki ya tatu ni ya jirani, na hapa ndipo penye mtihani wetu sisi watu wa mjini. Kariakoo, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ni mahali pa watu wengi katika nafasi ndogo. Nyumba zetu za Kiswahili tunazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na kila chumba na wenyewe. Mpangaji mmoja akifuga paka, paka huyo ni wa nyumba nzima, kwani hajui kodi ya chumba gani imelipwa na nani. Na siku hizi nyingi katika nyumba hizo zimevunjwa zikajengwa ghorofa, lakini jambo halikubadilika. Ngazi ni moja, ukumbi ni mmoja, na madirisha pengine hayafunguliwi kutwa nzima.

Wanafunzi wa hadithi Arobaini za Imam Nawawi wanaijua hadithi ya 32, isemayo kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Bukhari na Muslim wamepokea pia kuwa Jibrili hakuacha kumwusia Mtume juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha. Na wamepokea kwa Jabir kwamba Mtume alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu akae mbali na msikiti, ili harufu yake isiwaudhi wenziwe. Tizameni, ndugu zangu! Kitunguu ni halali, na msikiti ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, na bado mla kitunguu aliambiwa awafikirie walio karibu naye. Ikiwa ni hivyo kwa harufu, itakuwaje kwa jambo linalomzuia mtoto kupumua usiku?

Tutakupeni mfano tulioushuhudia. Bibi mmoja mjane, mwenye nyumba katika mitaa hii, alikuwa na paka aliyeachiwa na marehemu mumewe. Mpangaji wake mmoja alikuwa na binti mdogo mwenye pumu, na daktari alikuwa amethibitisha kuwa paka humdhuru. Mama wa mtoto alimwambia Bibi amwondoe paka. Bibi akajibu kuwa paka wa nyumba haingwi, asiyempenda ahame. Ikafika hadi hawaamkiani, na mtu na jirani yake wakawa wanapishana ukumbini kama wageni. Wakaletwa kwetu baada ya sala ya alasiri.

Hatukuwa na hukumu kubwa ya kuwapa. Tulimwomba kila mmoja aeleze haki ya mwenziwe badala ya kueleza haki yake. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Bibi, najua paka huyu ndiye anayekukumbusha marehemu Babu." Bibi akalia, naye akasema, "Mwanangu, mimi sikujua kuwa mtoto hukesha amekaa kitako. Nilidhani ni kisingizio."

Wakapatana hivi. Paka ale na alale uani, katika kibanda kilichokuwa cha kuni, asilishwe tena ukumbini. Chumba cha mtoto kifungwe mlango mchana na usiku, na zulia litolewe, iwe sakafu tupu ya kupigwa deki. Ukumbi usifagiliwe kwa ufagio mkavu unaotimua vumbi, bali upigwe deki kila asubuhi kwa zamu. Shuka za mtoto zifuliwe kwa maji ya moto kila juma. Mama aendelee kumpeleka mtoto kliniki na kumpa dawa zake. Na Bibi, ambaye alimpenda mtoto yule kama mjukuu, alijiwekea mwenyewe sharti ambalo hatukumwambia: kila akitaka kumpakata mtoto huvua kwanza khanga aliyompakatia paka, akavaa nyingine safi, akanawa mikono na uso.

Hatusemi kuwa mtoto amepona kabisa. Bado anatumia dawa, na ziko siku hukohoa. Lakini usiku wake umetulia, paka hakutupwa, na watu wawili waliokuwa hawaamkiani wanakula futari pamoja. Na lau mtoto angezidi kuumwa baada ya yote hayo, tungemwambia Bibi ampatie paka mahali pengine, maana pumzi ya mwana Adamu inatangulia.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, yamebaki mambo matatu ya kukuusieni kwa ufupi.

La kwanza ni juu ya kutupa paka. Mtu akichoka na paka, au akiambiwa na daktari kuwa anamdhuru, humtia katika gunia akaenda kumwaga katika bonde la Jangwani au kando ya jaa la soko, kisha akarudi nyumbani akiona amemaliza kazi. Hajamaliza, ameanza. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa sana katika vyuo vyetu, imeandikwa katika mlango wa matumizi ya lazima kwamba mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa ama amlishe ama amwuze. Mnyama aliyezoea bakuli la nyumbani, ukimtupa asikojua, umemkosesha riziki uliyomzoeza. Mtafutie mtu wa kumpokea. Wako wenye maduka ya nafaka na maghala wanaosumbuliwa na panya, wako jamaa wenye uwanja mpana nje ya mji. Mpeleke kwa mkono wako, na umwambie anayempokea kuwa panya peke yao hawatoshi, amlishe.

La pili ni juu ya misikiti na madrasa. Paka huingia misikitini tangu zamani, nasi hatusemi wapigwe. Lakini mazulia hushika vumbi na chembe zile tulizozitaja, na mwenye pumu anaposujudu huweka pua yake juu yake. Wasimamizi wafungue madirisha, wasafishe mazulia mara kwa mara, wasiwalishe paka ndani, na mahali pao pawe nje. Kinyesi na mkojo wa paka ni najisi, hilo halina shaka. Ama nywele chache zilizoshika nguoni, wanazuoni wetu wa Kishafi wamezihesabu katika yaliyosamehewa, mtu asijitie wasiwasi katika sala yake. Na mwenye mzio akija na msala wake mwenyewe, tusimtazame kwa jicho la kuwa anajitenga na watu.

La tatu ni kwenu walimu wenzetu, na kwenu wazazi. Mtoto akisema kitu kinamdhuru, msikilizeni kabla ya kumtolea aya na hadithi. Ulimi wa mwalimu una uzito juu ya mtoto. Akimwambia jambo ni dhambi, mtoto atalivumilia hata kama linamnyima pumzi. Hilo tumelijua kwa mwanafunzi wetu, na tunamwomba Mwenyezi Mungu asitulipe kwalo ila kwa msamaha.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa na huruma isiyodhulumu. Waponye wagonjwa wetu, na wapanulie vifua wale waliobanwa na pumzi. Tupatanishe sisi na majirani zetu. Tujaalie tuwahurumie wanyama uliotupa, kwa ajili Yako, na tusiwasahau waja Wako kwa ajili ya wanyama. Wasamehe wazee wetu na walimu wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Simamisheni sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.